Poka ya Ijumaa imepoa? Sawa, ila daftari la madeni usilifungue

Mkuu, daftari hilo usilifungue. Mengine yote uliyoandika tunaweza kubishana mpaka asubuhi, ila nilipofika pale kwenye "atakayeishiwa tunamwandika, mwisho wa mwezi tunalipana" nimeacha kazi ya watu mezani ili nikujibu.

Kwa wanaoingia sasa: mleta uzi ana kundi la watu saba, wanacheza poka ya Texas kwake kila Ijumaa (kila mtu karata mbili za siri, tano za wote zinafunuliwa mezani, anashinda mwenye karata tano bora), kiingilio 5,000. Analalamika mchezo umepoa. Kila mtu anafuata kila dau mpaka karata ya mwisho, mkwara, yaani kupandisha dau ukijifanya una karata nzuri, haumtishi mtu, wengine wanachungulia simu. Dawa aliyoipata ni kupandisha kiingilio kifike 20,000 na kuruhusu watu wakope. Halafu kauliza na habari za chipsi za kuchezea (vile vidude vya kuhesabia hela mezani), chakula, muziki, na kama watu tisa wanaenea meza moja.

Mimi nilikuwa mwenye nyumba na mshika daftari wa mchezo kama huo huo. Na kabla hujauliza: ndiyo, kazi yangu ni uhasibu. Cheka umalize, nakusubiri.

Kwetu wazo lililetwa na jamaa aliyekuja kama mgeni wa mgeni. Alikuwa ameangalia video nyingi za poka, basi akajipa cheo cha ukocha, na sisi tukampokea. Umeme umekatika, tunacheza kwa taa ya kuchaji, yeye kavaa miwani nyeusi. Hapo tu ningeshtuka. Mahubiri yake yalikuwa haya haya uliyoleta wewe: hela ndogo ndiyo inayowafanya mcheze kitoto, wekeni hela inayouma, mtaona watu wanavyotupa karata. Na kila akibanwa anamtaja Chris Moneymaker. Moneymaker alifanya hivi, Moneymaker asingeogopa.

Nilikuja kuisoma mwenyewe habari ya Moneymaker, nikiwa nimeshachelewa. Yule alikuwa mhasibu wa Tennessee, mhasibu mwenzangu. Mwaka 2003 aliingia kwenye mchujo wa mtandaoni kwa dola 86, akashinda, akapata nafasi kwenye mashindano makubwa ya Las Vegas ambayo kiingilio chake kilikuwa dola 10,000, akawapiga watu 838 waliobaki na kuondoka na dola milioni 2.5. Sasa niambie, hapo daftari liko wapi? Aliweka dola 86. Angetolewa usiku ule, angekuwa amepoteza dola 86 na kulala. Kocha alikuwa anatusimulia habari ya mtu aliyecheza kwa hela ndogo isiyoongezeka ili atushawishi tucheze kwa hela kubwa isiyokuwepo! Nikikumbuka hilo mpaka leo nasaga meno.

Basi tukafungua daftari. Lilikuwa la hisabati la mwanangu, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Nikapiga mistari kwa rula: jina, tarehe, kiasi, sahihi. Lilikuwa safi kiasi kwamba mkaguzi wa hesabu angelipa alama.

Mwanzoni mambo yalichangamka kweli, sitakudanganya. Mizigo mezani, yaani hela inayogombewa, ilikuwa mikubwa, kelele, watu wanasimama kwenye viti. Kisha ukaja mkono, yaani mzunguko mmoja wa karata, wa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, na mwalimu mmoja wa sekondari. Shemeji kashika ree na kingi. Mezani zikaanguka kingi ya kopa, tisa ya kopa na nne ya maua, karata ya nne ikawa ree ya uru. Jozi mbili za juu, mtu yeyote angepagawa. Akaingiza chipsi zote zilizobaki, mwalimu akafuata. Ikaja mbili ya kopa.

Kwa kanuni ya kawaida kabisa ya poka, mkono ule ulikuwa umefungwa. Unacheza na kilichokuwa mbele yako mezani karata zilipogawiwa, basi. Katikati ya mkono huingizi mkono mfukoni, sembuse kwenye daftari. Aliyeweka zote hadaiwi tena, na mwenzake akiwa na zaidi, ile ziada ni yake. Zingefunuliwa karata pale pale, shemeji angeinuka akanywa maji, tukaendelea. Lakini mwalimu akasema anaongeza. Shemeji akanigeukia: "Shem, niandikie elfu sitini." Nikasita. Kocha akaingilia: "Mwacheni mtu acheze mchezo wake." Nikaandika. Mwandiko mzuri, tarehe kushoto.

Mwalimu akafunua saba na nane, zote kopa. Ukijumlisha na tatu za mezani ni kopa tano, na hizo zinazipiga jozi mbili.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hapa ndipo dawa yako inapogeuka sumu. Mtu mwenye deni la elfu sitini hachezi kwa woga. Anacheza kila mkono. Elfu sitini na elfu themanini kwake ni mwandiko tu, hakuna noti aliyoitoa, kwa hiyo anafuata kila dau akitafuta mkono mmoja wa kumrudisha sifuri. Wakishakuwa wawili watatu wa namna hiyo, mkwara unakufa kabisa. Yale yale unayoyalalamikia kwa kiingilio cha 5,000 tuliyapata kwa hela mara kumi. Ukipata ree mbili ukabaki na mpinzani mmoja mwenye karata zozote, utashinda kama mara 85 katika 100. Wakikufuata wote sita mpaka mwisho, inashuka hadi kama 44. Karata bora kuliko zote, na bado kupoteza kuna uwezekano mkubwa kuliko kushinda. Ndiyo maana unaona mchezo hauna akili. Hela kuwa ndogo haihusiki. Watu wanafuata kwa sababu nyuma yao kuna nyingine: ya mfukoni kwenu, ya daftarini kwetu.

Mwisho wa mwezi ukafika. Mshindi, mkuu, hamfuati aliyemfunga. Anamfuata mwenye nyumba na mwenye daftari. Wa kwanza kunipigia alikuwa Kocha, kabla hata mshahara haujaingia, na alitaka nimtumie na ya kutolea! Mtu kaniharibia nyumba, anataka na ya kutolea. Nikamtumia. Na ya kutolea nikaweka. Mwalimu naye alikuwa na haki yake, ana watoto wanasoma. Waliofungwa wote, kwa muujiza wa ajabu, mitandao yao ilikuwa inasumbua siku hiyo.

Nikafanya hesabu ya kijinga ambayo ningemfukuza kazi karani aliyeifanya. Ndani kulikuwa na kodi ya nyumba. Unaijua kodi ya Dar, miezi sita kwa mpigo. Nikasema nawalipa washindi kwa hiyo, walioandikwa wanarudisha Ijumaa, Jumatatu nampelekea hela yake mama mwenye nyumba niliyopanga. Ijumaa ile walikuja watu watatu, mmoja akiwa kaja kuchukua chaja aliyoisahau. Jumatatu mama mwenye nyumba hakunipigia mimi. Alimpigia mke wangu.

Jaribu kumweleza mkeo kwamba kodi iko kwa kaka yake. Sitaendelea hapo. Niseme tu kwamba msiba wa kwanza uliofuata katika ukoo, mimi na shemeji tulikaa pande mbili tofauti za turubai, na wazee wakaanza kuuliza.

Kanuni yangu ni moja, na nitaing'ang'ania hata mkinitukana: hela yote iingie mezani kabla ya karata ya kwanza kugawiwa, na ikimwishia mtu imeisha. Haiongezwi kwa noti, haiongezwi kwa simu, haiandikwi. Msisimko unaoutafuta uko hapo kwenye kuisha. Mtu anayejua akiishiwa atakaa kwenye sofa akiwaangalia wenzake wanacheza ndiye atakayetupa karata mbovu, na ndiye atakayetetemeka ukimpiga mkwara, hata kama ni elfu tano tu.

Kwa hiyo baki na 5,000 yako, ifanye mashindano. Watu saba ni 35,000. Toa 1,000 ya kila mmoja iwe zawadi ya kichwa chake: anayemtoa anaichukua pale pale, na atakayebaki wa mwisho anaondoka na ya kichwa chake mwenyewe. Zinabaki 28,000, mpe wa kwanza 20,000 na wa pili 8,000. Kila mtu apewe chipsi zenye thamani ya pointi 5,000, sawa kwa sawa. Anzeni na madau ya lazima (yale ambayo wawili wanaomfuata mgawaji huweka kabla ya karata kugawiwa) ya 25 na 50, myapandishe kila dakika ishirini: 50 na 100, 100 na 200, 200 na 400, 300 na 600, 500 na 1,000, kisha 1,000 na 2,000. Kwenye hatua hiyo ya mwisho pointi zote mezani ni 35,000 tu, kwa hiyo hakuna anayeweza kukaa akisubiri ree. Mkianza saa mbili usiku, saa nne na nusu hivi mshindi ameshapatikana, na waliotolewa mapema hawajakaa wakinuna usiku kucha. Alamu ya simu inatosha kuhesabu muda, iwekeni kwa sauti, ikilia utaona nyuso zinavyobadilika.

Ongeza na mchezo wa saba-mbili. Saba na mbili za aina tofauti zinahesabika kuwa mkono mbovu kuliko yote ya kuanzia. Yeyote atakayeshinda mzigo akiwa nazo, akazionyesha, kila mmoja mezani anampa shilingi mia mbili. Hizi ziwe sarafu za pembeni, kila mtu azitoe mwanzoni ziwekwe kwenye kikombe, msije mkaanza "nitakupa kesho", maana najua zinavyoanza. Kwa shilingi mia mbili utaona watu wazima wakipiga mkwara wa hatari kuliko wote waliowahi kuupiga, na kila anayepandisha dau sasa anashukiwa.

Kuna aliyekushauri hapo juu ukate asilimia kumi ya kila mzigo kama pango la nyumba. Usimsikilize. Ukianza kula asilimia, si jioni ya washikaji tena, unaendesha kamari ya biashara, na hiyo ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na leseni zake. Kama ni gharama za kinywaji, changeni kama mnavyochanga sherehe.

Na aliyekupa hilo wazo la daftari, muulize kama yeye yuko tayari kulishika. Akisema mwenye nyumba ndiye anafaa zaidi, mwangalie vizuri kama hajavaa miwani nyeusi.

Chakula na muziki wadau wengine watakujibu, mimi nimeshasahau uliuliza nini.

Na mnaotaka kuja inbox kuniuliza kama shemeji alilipa: alileta mbuzi. Mke wangu alimpokea, nyama ikaliwa, na hadi leo hakuna aliyeniambia yule mbuzi alikuwa wa kulipa deni au wa Idi.