Kwa unayeanza utafiti wa sera za afya: anza na anayeamua

Tanzania iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya kutibu malaria mwaka 2001. Malawi ilikuwa imeshaiacha tangu 1993, Kenya tangu 1998. Habari kwamba vimelea vimeizoea dawa ile zilikuwa zikijikusanya Afrika Mashariki tangu miaka ya 1980, na baadhi ya waliozikusanya ni watafiti wetu wenyewe. Kwa nini tulichelewa? Klorokwini ilikuwa ya bei ndogo, ilipatikana kila duka la dawa, na kila mzazi alijua kuitumia. SP (mchanganyiko wa sulfadoksini na pirimethamini) iliyokuja badala yake ilikuwa na sifa mbaya: magazeti yaliandika juu ya watu waliobabuka ngozi, na kwa kuwa haishushi homa upesi, wengi waliona haifanyi kazi. Tena wakati inaingia, wataalamu walishajua haitadumu. Mwishoni mwa 2006 ikaletwa dawa mseto.

Huwa naanza na habari hii nikipokea wanafunzi wapya wa uzamili wa afya ya jamii. Wengi wanatoka wodini, maabara au ofisi ya takwimu, na wanakuja na imani kwamba utafiti ukiwa mzuri utajipeleka wenyewe wizarani. Haujipeleki. Ukifika huko unakutana na bei ya dawa, akiba iliyobaki bohari, hofu ya wananchi, ahadi za wafadhili na ratiba ya uchaguzi. Ukitaka kuishi kwa kazi hii, hayo yote ni sehemu ya somo lako, sawa na hesabu za takwimu.

Linganisha na chandarua. Katika wilaya za Kilombero na Ulanga, miaka ya mwisho ya 1990, watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara na wenzao walifuatilia matumizi ya vyandarua vyenye dawa na wakaona vinaendana na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne. Lakini angalia swali lao. Kwamba chandarua chenye dawa kinaokoa maisha kilikuwa kimeshapimwa kwingine kwa majaribio makubwa. Wao waliuliza kama kitaokoa maisha kikisambazwa kwa njia ambazo wilaya ya kawaida inaweza kuziendesha: maduka, mawakala wa vijijini, na hati ya punguzo kwa mjamzito anayehudhuria kliniki. Jibu lilipopatikana, namna ya kulitekeleza ilikuwa tayari ndani yake. Mwaka 2004 Hati Punguzo ikaanza kusambazwa kitaifa. Kwa hiyo kabla hujaandika andiko la utafiti, jiulize: nani anaweza kubadili jambo hili, na atahitaji kujua nini ili alibadili? Ukikosa jina la cheo cha mtu huyo, swali lako bado halijaiva.

Wanafunzi wengi hujibu, "Wizara ya Afya." Mara nyingi si kweli. Zahanati na vituo vya afya viko chini ya halmashauri, na halmashauri ziko chini ya TAMISEMI, yaani wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Wizara inatunga sera na miongozo. Anayepanga ni timu ya afya ya halmashauri kupitia mpango kabambe wa afya wa mwaka. Dawa ziko Bohari ya Dawa. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 kuna fedha zinazoingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, kwa hiyo kwa mambo kadhaa mwamuzi ni mganga mfawidhi na kamati ya usimamizi wa kituo. Zanzibar ina wizara yake na utaratibu wake. Nimesoma tasnifu nzuri sana zikimalizia na mapendekezo kwa ofisi isiyo na mamlaka juu ya jambo lenyewe, na inauma, kwa sababu kazi ya miaka mitatu inapotea kwenye ukurasa wa mwisho.

Jifunze kusoma bajeti. Nasisitiza hili kuliko jambo lingine lolote, na najua halifundishwi vya kutosha. Katika wilaya za Rufiji na Morogoro, zilizoshiriki TEHIP, mradi wa kupanga bajeti ya afya ya wilaya kwa kufuata takwimu za magonjwa, kulikuwa na mahali ambapo malaria ilichukua takribani asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea kwa vifo vya mapema huku ikipewa asilimia 5 tu ya bajeti ya afya ya mwaka 1996. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo. Fedha zilikuwa zikigawanywa kwa mazoea, na waliopanga hawakuwa na picha ya vifo vya wilaya yao, kwa kuwa wengi walifia nyumbani na hawakuingia kwenye daftari lolote la hospitali. Wahojaji walipita kaya kwa kaya wakiuliza nani kafariki na dalili zilikuwa zipi, majibu yakageuzwa kuwa michoro rahisi ambayo timu ya wilaya iliweza kuisoma mezani, na mgawo ukabadilika. Fedha za nyongeza zilikuwa kidogo, na vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka michache. Unaweza kubishana ni kiasi gani cha upungufu huo kilitokana na mradi, na ubishi huo ni halali. Ninachotaka uone ni kwamba chombo kilichobadilisha maamuzi kilikuwa mchoro uliolinganisha ugonjwa na fedha.

Fahamu pia kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Waziri husoma hotuba ya bajeti bungeni kati ya Aprili na Juni, lakini halmashauri huwa zimeshaandaa mipango yake miezi kadhaa kabla. Ukipeleka matokeo Mei, umechelewa kwa mwaka huo hata kama ni mazuri. Soma hotuba hizo za waziri, za miaka kadhaa mfululizo. Soma ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali. Soma Hansard, yaani kumbukumbu za mijadala ya bunge, ambazo ziko kwa Kiswahili na zinaeleza waziwazi mbunge gani anabanwa na nini jimboni kwake. Watafiti wa nje hulipa watu kuwasomea nyaraka hizi. Wewe unazo bure na lugha ni yako.

Kuna nyakati uamuzi mkubwa hupita bila kusubiri kalenda. Uganda ilifuta ada za matibabu katika vituo vya serikali Machi 2001, katikati ya kampeni za urais, na wagonjwa wakafurika. Kenya ilitangaza kujifungua bure katika vituo vya umma Juni 2013, miezi michache baada ya uchaguzi. Katika visa vyote viwili mjadala wa ada na jinsi zinavyowafungia nje maskini ulikuwepo miaka mingi, ila mlango ulifunguliwa na siasa. Gill Walt na Lucy Gilson waliandika mwaka 1994 kwamba kuchambua maudhui ya sera peke yake hakutoshi, lazima uangalie mazingira yake, mchakato wake, na wahusika walio katikati. Mfumo wao wa pembetatu utaufundishwa katika wiki za mwanzo. Usiutumie kama vichwa vya habari vya kujazia sura ya pili ya tasnifu. Utumie kuuliza maswali magumu, hasa kuhusu nani anapoteza sera ikipita.

Sasa takwimu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto, TDHS, ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 454 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2010, vikawa 556 mwaka 2015/16, halafu 104 mwaka 2022. Ukiandika kwamba vifo viliongezeka kati ya 2010 na 2015/16, umekosea. Makadirio ya 2010 yangeweza kuwa popote kati ya 353 na 556, na yale yaliyofuata kati ya 446 na 666. Yanaingiliana, kwa hiyo huwezi kusema yamepanda. Makadirio haya hupatikana kwa kuwauliza wanawake habari za dada zao, na vifo vyenyewe ni vichache ndani ya sampuli, hata kama kila kimoja ni msiba. Ule mshuko wa hadi 104 nao unastahili heshima ya maswali: upande wa mazingira ya kujifungua, sehemu ya waliojifungulia vituoni ilipanda kutoka asilimia 63 hadi 81 katika kipindi hicho, na hilo linasaidia kuueleza. Linganisha na vyanzo vingine, soma kiambatisho cha mbinu, halafu ndipo uandike sentensi yako. Mtu atakayeinukuu bungeni hatasoma kiambatisho.

Nenda pia ukaone namba inakozaliwa. Kaa zahanati siku ambayo muuguzi mmoja anahudumia kliniki ya wajawazito, anachanja watoto, anatoa dawa, kisha mwisho wa mwezi anajumlisha vitabu vya MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya, ili viingizwe kwenye kompyuta. Baada ya hapo utazisoma takwimu za kompyuta kwa jicho jingine. Na tafadhali usimhoji asubuhi kukiwa na foleni ya akina mama kwenye benchi. Subiri mchana.

Juu ya vibali niseme kwa ufupi: kibali cha maadili cha chuo au cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kinachukua muda, omba mapema. Kisha barua za mkoa, wilaya, halmashauri, kata, hadi kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Usiruke ngazi hata moja. Watu wa chini wana haki ya kujua unachotafuta kwao, na wao ndio watakaobaki na wananchi ukishaondoka.

Kuhusu waandishi wa makala, hapa ndipo vijana wetu wanaumia zaidi. Miradi mikubwa huja na washirika wa nje, na kijana Mtanzania anapewa kazi ya kuratibu ukusanyaji: magari, posho, vishikwambi, fomu za ridhaa. Anafanya kwa uaminifu miaka mitano, makala zinatoka, jina lake liko kwenye shukrani. Kwa vigezo vya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ambavyo majarida mengi huvifuata, kukusanya data pekee hakukupi uandishi: lazima pia ushiriki kuandika au kuhariri kwa kina, uidhinishe toleo la mwisho, na ukubali kuwajibika kwa kazi nzima. Kwa hiyo wiki ya kwanza ya mradi, kwa adabu, omba iandikwe nani ataongoza makala ipi, na uombe kufundishwa uchambuzi wa angalau moja. Uliza data zitahifadhiwa wapi na chini ya makubaliano gani. Mshirika mwema hatakasirika. Akikasirika, umeshajua jambo muhimu juu yake.

Chagua msimamizi kwa kuwauliza wanafunzi wake waliomaliza, na zaidi walioshindwa kumaliza.

Mishahara ya vyuo haitoshi, na wengi tunaishi kwa kuongeza ushauri elekezi. Sikukatazi. Kazi hizo hukufikisha kwenye mikutano ambako maamuzi hufanywa, na unajifunza kuandika kwa haraka na kwa lugha iliyo wazi. Ila ripoti ni mali ya aliyelipa, na bodi ya kupandisha vyeo haihesabu ripoti zilizofungiwa kabatini. Kabla hujasaini, omba kifungu kinachokuruhusu kuchapisha sehemu ya kazi hiyo. Wakati mwingine wanakubali kirahisi kuliko unavyodhani.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi ya afya na utafiti ikasimama katikati, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Hata DHS, programu ya tafiti za afya iliyogharamiwa na Marekani na iliyosaidia tafiti za TDHS tangu ile ya 1991/92, ilisitishwa. Ninyi mnaingia kazini katika hali hiyo. Mimi naichukulia kwa uzito na nawashauri mambo mawili: msijenge taaluma nzima juu ya mfadhili mmoja, na jifunzeni kutumia data ambazo nchi inazilipia yenyewe, kama MTUHA, sensa, na taarifa za bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023 na utekelezaji wake utazaa maswali ya utafiti kwa miaka mingi: nani anajiandikisha, nani anaachwa, kituo cha kijijini kinalipwa kwa wakati au hakilipwi. Mengi kati ya hayo hayahitaji mamilioni ya dola, yanahitaji mtu mwenye subira na njia ya kufika kwenye daftari.

Mwisho rudisha matokeo, kwa Kiswahili, kurasa mbili. Anza na jambo ambalo msomaji anaweza kulifanya kwa mamlaka na fedha alizonazo. Kamati ya kituo haiwezi kurekebisha sheria ya bima, lakini inaweza kupanga fedha za kituo zinunue nini. Timu ya halmashauri haiwezi kuongeza ukomo wa bajeti, lakini inaweza kuhamisha muuguzi. Kama makubaliano yako yanaruhusu, peleka kurasa hizo kabla makala haijatoka, maana jarida linaweza kuchukua mwaka mzima na mpango wa halmashauri hautakusubiri.