Bobi wa karanga akageuka Bobi wa gesi: yaliyonikuta kupima vinasaba vya mbwa

Mkuu, umesema umenunua mbwa wa miezi mitatu Dar kwa laki nne na nusu, ukaambiwa ni German Shepherd safi, umemfikisha Masasi sikio moja limelala, na sasa unataka kupima vinasaba ili umkamate muuzaji. Nipo huku huku Mtwara kuchele na mbwa wangu nimempima mara mbili, kwa hiyo nitakujibu kwa yaliyonikuta. Bandiko litakuwa refu, tafuta chai.

La sikio kwanza maana ni dogo. Miezi mitatu bado mapema. Mbwa wa aina hiyo masikio husimama taratibu, moja linaweza kutangulia, halafu akianza kubadili meno karibu na mwezi wa nne lililosimama likalala tena. Muache hadi miezi sita ndipo ulalamike. Na usimvutevute hilo sikio.

Sasa vinasaba. Mbwa wangu ni Bobi, dume, mwekundu wa udongo, miguu yote minne myeupe kama kavaa soksi, mkia umejikunja juu ya mgongo. Nilipewa 2019 akiwa mdogo na mzee mmoja wa Nanguruwe, nikamweka shamba la korosho alinde na kufukuza nguruwe pori. Mzee yule kwao ni Nachingwea, na aliniapia kwamba ukoo wa Bobi unatokana na mbwa wa wazungu wa karanga. Wa kusini tunaijua hiyo hadithi: Waingereza walikuja 1947 kulima karanga, wakafyeka pori, wakajenga reli hadi bandari ya Mtwara, 1951 mradi ukafa. Karanga hazikuonekana, reli ikaja kung'olewa, lakini mzee anasema mbwa walibaki. Nikawa natamba kijiweni kwamba mbwa wangu ana historia.

Mpwa wangu anayesoma Uingereza ndiye aliyeniletea kipimo cha kwanza, alipokuja likizo. Ni kijiti chenye pamba ngumu kama ile ya masikio, unakisugua ndani ya shavu la mbwa nusu dakika hivi, kisha unakirudisha kwenye kichupa chake. Mbwa asiwe amekula muda mfupi kabla, ili mate yasichanganyike na mabaki ya chakula. Hapo tu palikuwa na sarakasi. Mama yangu mzazi yupo barazani anatazama, ananiuliza: "Yaani katika mbwa mzima, wewe umeyatafuta mate?" Nikamwambia ndiyo yanayotakiwa. Mkono nikauosha mara saba, moja kwa udongo, mama anahesabu kwa sauti. Bobi mwenyewe alikitafuna kijiti cha kwanza, bahati kulikuwa na viwili.

Majibu yalikuja kwenye barua pepe: Bobi ni mchanganyiko wa Basenji, Rhodesian Ridgeback na Chow Chow, yaani mbwa wa Kichina! Nanguruwe! Mpwa akacheka hadi akalia.

Hapa ndipo pa kunielewa, mkuu, maana ndipo watu wengi wanapoliwa. Kompyuta ya kipimo haimjui mbwa wako. Inachukua vipande vya vinasaba vyake, inavilinganisha na vya mbwa waliomo kwenye hazina ya kampuni ya kipimo, kisha inataja wanaofanana zaidi. Kama hazina imejaa mbwa wa kizungu tu, mbwa wa kwetu atagawiwa majina ya waliopo. Ni kama karani mwenye fomu ya makabila matano: Mmakonde, Mmakua, Myao, Mmwera, Mngoni. Akifika Mmatumbi wa Kilwa, karani hana kisanduku chake, anaweka alama kwa jirani. Si kwamba amedanganya, fomu ndiyo fupi. Basenji aliingia kwa sababu asili yake ni misitu ya Kongo na kweli ana undugu na mbwa wa vijijini Afrika. Chow Chow sijui alipita njia gani.

Nilikasirika, nikakaa miaka miwili. Halafu nikasoma habari za ndugu wawili Wamarekani, Adam na Ryan Boyko, waliowahi kuzunguka vijijini wakikusanya damu za mbwa kama hawa wetu. Mwaka 2009 wao na wenzao walichapisha utafiti wa mbwa 318 wa vijijini Misri, Uganda na Namibia. Walichokiona ni kwamba mbwa wengi wa vijijini Afrika si machotara waliotupwa na wazungu. Ni kizazi chao wenyewe, cha tangu zamani, ila wale wa Namibia wengi walishachanganyika na damu ya Ulaya. Na kinyume chake, Rhodesian Ridgeback, tunayemwita mbwa wa Afrika, sehemu kubwa ya damu yake ilionekana si ya Afrika. Ndugu hao 2015 wakaanzisha kampuni ya vipimo, Embark, na mbwa wa vijijini wamo kwenye hazina yao. Nikajipigapiga mfukoni msimu wa korosho ulipokaa vizuri, mpwa akaleta kipimo cha pili.

Majibu: asilimia 87 mbwa wa kijijini wa Afrika, asilimia 13 German Shepherd. Basi.

Hebu tufanye hesabu. Mbwa ana jozi 39 za kromosomu, yaani vifurushi vinavyobeba vinasaba, nusu anapewa na baba, nusu na mama. Kila kizazi damu ya babu inakatwa nusu: mzazi 50, babu 25, mzaa babu 12 na nusu. Kwa hiyo Bobi ni kitukuu wa German Shepherd mmoja. Wazungu wa karanga waliondoka zaidi ya miaka sabini iliyopita. Ukisema mbwa wanazaa kizazi kipya kila miaka mitatu, hapo ni zaidi ya vizazi ishirini. Vizazi kumi tu vinatosha kuifanya damu ya babu mmoja iwe sehemu moja kati ya 1,024, kipimo hakiwezi kuinusa. Asilimia 13 ni ya juzi. Juzi huku kulikuwa na nini? Gesi. Miaka ile ya 2013 hadi 2015 bomba la kwenda Dar linajengwa, Mtwara ilijaa kampuni za ulinzi na mbwa wao wenye minyororo. Nadhani mmoja alikata mnyororo usiku. Bobi wangu wa karanga akawa Bobi wa gesi.

Nilimpelekea mzee wa Nanguruwe habari hiyo kwa adabu, shikamoo na kilo ya sukari juu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Hiyo mashine Nachingwea haikuwepo. Mimi nilikuwepo." Tukaishia hapo.

Jambo jingine: dada yake Bobi wa tumbo moja yuko kwa jirani, mweusi tii, masikio yameanguka. Watu wanabisha hawawezi kuwa ndugu. Wanaweza. Kwanza kila mtoto anapokea nusu yake tofauti. Pili, jike akiwa kwenye joto akipandwa na madume wawili, uzao mmoja unaweza kuwa na baba wawili. Ndiyo maana kumkagua mbwa kwa macho na kutaja mbegu yake ni kubahatisha, hata kwa wazoefu. Sura inatawaliwa na jeni chache, yaani vipande vya vinasaba vyenye kazi maalumu. Manyoya, kwa mfano: watafiti walionyesha mwaka 2009 kwamba jeni tatu tu zinaeleza sehemu kubwa ya tofauti, yaani marefu au mafupi, yaliyojisokota au yaliyonyooka, yenye masharubu au bila. Miguu mifupi ya wale mbwa wa kizungu kama soseji nayo inatokana na nakala moja ya ziada ya jeni. Kwa hiyo mbwa anaweza kubeba German nyingi ndani na nje akafanana na koko wa sokoni, na kinyume chake.

Tabia ndiyo usiulize kabisa. Utafiti wa 2022 uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000 uliona kwamba mbegu inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Usitegemee cheti kikulindie nyumba. Bobi na asilimia zake 13 anamwogopa bata.

Kilichonifaa mimi hasa ni ukurasa wa afya, ambao nilikuwa nakaribia kuuruka. Bobi alikuwa na upele mbaya, manyoya yananyonyoka, na dukani kwenye dawa za mifugo kila mtu anakwambia ivermectin, ile ile ya ng'ombe, mchome. Sasa kuna jeni inaitwa MDR1, kazi yake ni kama askari wa getini, anazuia dawa fulani zisiingie kwenye ubongo. Mbwa wenye jeni hiyo iliyoharibika wakipewa ivermectin kwa dozi ya kutibu upele wanatokwa udenda, wanayumba, wanapofuka, wengine wanakufa. Wanaojulikana zaidi ni jamii ya Collie, lakini baadhi ya German Shepherd wanayo pia. Rafiki yangu wa Chuno, hapa Mtwara mjini, alimchoma German wake kwa makadirio, mbwa akalala siku nne haoni. Inawezekana ni jeni, inawezekana ni wingi wa dawa tu, maana dozi ya ng'ombe ikizidi hata mbwa mwenye jeni nzima anaanguka. Bobi alionekana hana kasoro hiyo, daktari wa mifugo akampima uzito kwanza ndipo akamtibu. Amepona.

Kwa wa kwako, kama kweli ana German ya kutosha, majibu yatakuonyesha pia jeni ya SOD1. Akiwa amerithi nakala mbovu kwa wazazi wote wawili, yuko kwenye hatari ya miguu ya nyuma kuishiwa nguvu uzeeni. Ile shida yao maarufu ya nyonga kipimo hiki hakiwezi kukupa jibu la mwisho, inachangiwa na jeni nyingi pamoja na ulishaji, huko ni eksirei.

Kuhusu kumkamata muuzaji: alikuandikia popote kwamba ni safi? Kama ni maneno ya mdomo na muamala wa simu, majibu utayaonyesha nani? Kipimo pamoja na kukisafirisha kwenda na kurudi kitakula karibu pesa ile ile uliyomnunulia mbwa. Mimi ningeitoa hiyo pesa kwanza kwenye chanjo ya parvo, ugonjwa wa virusi wa kuhara na kutapika, na ya kichaa cha mbwa, na dawa ya minyoo. Parvo mbwa mdogo haimpi siku nyingi, na haiulizi kama ni safi au koko. Ukibakiwa na kitu ndipo upime, na kabla ya kulipa waulize wahusika kama mbwa wa vijijini Afrika wamo kwenye hazina yao.

Akianza kubadili meno weka picha hapa tuone masikio.