Kushuka na kurejea Grand Canyon kwa siku moja

Umeuliza kama mtu mwenye afya njema anaweza kushuka hadi mto Colorado, chini kabisa ya korongo la Grand Canyon, katika hifadhi ya taifa yenye jina hilo huko Arizona, Marekani, na kurejea juu ukingoni siku hiyo hiyo. Wapo waliofaulu, lakini uongozi wa hifadhi hushauri mtu asijaribu, hasa miezi ya joto, na ushauri huo ni wa busara. Mlimani aliyechoka hugeuka akateremka. Korongoni mambo ni kinyume, kwani mteremko huja kwanza, miguu ingali na nguvu, kisha kupanda zaidi ya mita 1,300 hukusubiri ukiwa umechoka, wakati ambapo joto huko chini korongoni, miezi ya joto, hupita nyuzi 40 za Selsiasi. Epuka kupanda kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na maji yaambatane na chakula chenye chumvi, kwa sababu maji matupu kwa wingi hupunguza chumvi mwilini kwa kiwango cha hatari.

Ukishuka hata nusu ya njia, utapita miamba kuanzia chokaa ya Kaibab ya ukingoni, yenye umri wa miaka milioni 270 hivi, kuelekea ile ya kando ya mto inayozidi miaka bilioni 1.6. Angani huenda ukamwona kondori wa California, ndege mkubwa mla mizoga. Kindi usiwalishe: ni marufuku, tena huuma.