Usiulize tu nani atashika kamera

Wiki iliyopita mliuliza: ikiwa kila mgeni anakuja harusini na simu yenye kamera, bado kuna haja ya kumlipa mpiga video? Mimi nimeoza mabinti wawili hapa Mombasa, na jibu langu ni ndiyo, ipo haja kubwa. Lakini nina swali jingine la kuongeza juu ya hilo lenu, ambalo wengi wetu hatulikumbuki mpaka mambo yametufika.

Nianze na nikahi. Kwetu nikahi hufungwa msikitini mbele ya wanaume, na bibi harusi yuko nyumbani na shoga zake, mikono na miguu imejaa hina. Kauli inayomfanya kuwa mke wa mtu hutamkwa naye hayupo. Kwa binti yangu wa kwanza tuliwategemea vijana wa nyumbani na simu zao. Tukaletewa vipande kumi na kitu: migongo ya kanzu, kofia, mapanka ya darini, na sauti ya mtu akimwuliza mwenzake viatu ameviacha mlango gani. Baba mtu alipomshika bwana harusi mkono na kusema "nimekuoza", hakuna simu iliyonasa neno hata moja. Binti yangu hajaisikia kauli hiyo mpaka leo.

Kwa wa pili tulimlipa mwanamume mmoja kwa kazi ya msikitini pekee. Alifika kabla ya adhana, akamwomba imamu ruhusa, akasali na watu, kisha akambandikia baba mtu kipaza sauti kidogo kwenye ukosi wa kanzu. Usiku ule ule binti yangu alikaa kitandani akamsikia baba yake akimwoza, na sauti ya baba inatetemeka. Pesa zile hazijaniuma hata siku moja.

Sasa kupamba, maana hapo ndipo penye uzito. Asiyezijua harusi zetu ajue kuwa usiku wa kupamba ni wa wanawake watupu. Mabuibui huvuliwa mlangoni, nywele huachwa wazi, watu hucheza taarab kwa raha zao kwa sababu wanajua hakuna jicho la mwanamume. Hata bwana harusi mwenyewe hutangazwa kabla hajaingia, na ukumbi mzima hujifunika.

Kwa hiyo sote hutafuta mpiga video mwanamke. Hata mimi nilifanya hivyo harusi ya kwanza. Nilikwenda studio moja mjini, nikapewa dada mwenye adabu zake, akafanya kazi nzuri, nikalala usingizi. Kumbe dada yule alikuwa wa kushika kamera tu. Alfajiri alipeleka memori kadi studio, na aliyekaa siku nyingi mbele ya kompyuta akikata na kuunga alikuwa mwanamume. Miezi miwili baadaye mpwa wangu alikwenda dukani kwao kupiga picha za pasipoti, akakuta televisheni ya kaunta inaonyesha binti yangu yuko jukwaani, na nyuma yake mashangazi zake wanacheza. Walikuwa wameifanya tangazo. Ilizimwa nilipokwenda, nikaombwa radhi, lakini kuna jamaa zangu wawili ambao tangu siku ile wakija kwenye shughuli yangu hawavui buibui. Siwalaumu. Mimi ndiye niliyewaalika, na mgeni akivua buibui yake ukumbini mwako amekuaminia stara yake.

Ndiyo maana nasema usiulize tu nani atashika kamera. Uliza nani atahariri, kwenye kompyuta ya nani, nani mwingine anaingia chumba kile, na baada ya kazi yale mafaili yanabaki wapi. Harusi ya pili niliyauliza yote hayo kabla ya kutaja bei. Wawili wa kwanza walinijibu "usijali, mama". Nikaondoka. Wa tatu alisema anahariri mwenyewe nyumbani kwake, nikamwomba twende nikaone, na hakununa.

Tuliandika ukurasa mmoja tukatia saini. Nusu ya malipo mwanzo, nusu siku ya kukabidhi. Asiweke hata sekunde moja mtandaoni, wala kumwonyesha mteja mwingine kama sampuli. Anakabidhi flashi mbili, tunazitazama pamoja mpaka mwisho, halafu anafuta kadi na kompyuta mbele yangu. Msione haya kuandika. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na sura ya mtu imo humo. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya Nairobi 1,850,000 kwa picha ya mteja. Anayepiga video kwa biashara hawezi kusema hayamhusu.

Na simu? Tuliweka wasichana wawili mlangoni, kila simu ikaingia bahashani na jina la mwenyewe. Wapo walionung'unika, lakini mtu hukubali upesi ukimwambia kuna kamera moja, ya mwanamke anayejulikana, na mwenye nyumba ndiye mwenye dhamana. Halafu kamera kubwa ina taa. Ikielekezwa kwako unaiona inakuja, asiyetaka anavuta leso usoni, na mwenye kamera anageuza. Simu haipigi hodi. Inakupiga umekaa unakula biriani, wala hujui.

La kiufundi nitasema moja tu, kwa kuwa lilituokoa. Mwambieni mpiga video aende ukumbini siku moja kabla, taa za mapambo zikiwa zimewashwa, arekodi dakika chache. Stima yetu ni ya 50 Hz, yaani mkondo wake hurudia mzunguko mara hamsini kwa sekunde, na kamera isipopangwa kuendana nayo, taa zile huonekana kwenye video zinapepesa usiku kucha. Wetu aligundua mapema akarekebisha.

Wifi yangu aliyeko Muscat hakujaaliwa kuja. Video ya nikahi tulimtumia kwa WhatsApp usiku ule ule. Ya kupamba aliiomba, akaniomba tena akilia, nikakataa, nikamwambia iko, inakungoja. Alikuja baada ya miezi saba. Tulifunga milango, tukavuta mapazia, tukaketi sebuleni wanawake kumi na mmoja na birika la kahawa, akaitazama yote, na kila wimbo alioupenda alisema rudisha nyuma.

Msomaji, Mombasa