Mkufunzi asiyenipa jibu

SWALI: Mhariri, ninamlipa mkufunzi wa maendeleo binafsi, lakini hukataa kuniambia kama niache ajira nikalime au nibaki. Je, ananitendea haki?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, mwaka 1945 mjini Paris, mwanafalsafa Jean-Paul Sartre alisimulia habari za mwanafunzi wake aliyeshindwa kuamua kati ya kubaki na mama yake na kwenda Uingereza kujiunga na wapiganaji wa Ufaransa Huru, waliowapinga Wajerumani walioikalia Ufaransa katika Vita Kuu ya Pili. Sartre alimjibu kwamba yu huru, basi achague. Hakuwa akimkwepa, kwani anayeomba ushauri huwa amekwisha kumchagua mshauri, na mara nyingi anajua atakachoambiwa. Huenda mkufunzi wako naye hakukwepi. Hata hivyo, asipokusaidia kuitazama hofu yako na kuyapima matokeo ya kila njia, una haki ya kumlalamikia.