Jibu: Galápagos ni mkoa kamili, na watu wanaishi

Ndugu, umeuliza kama visiwa vya Galápagos ni mkoa wa Ekuador au ni hifadhi tu ya kobe. Ni vyote viwili. Vilifanywa mkoa mwaka 1973, vikiwa na kantoni (yaani wilaya) tatu: San Cristóbal, Santa Cruz na Isabela. Makao makuu ni Puerto Baquerizo Moreno, kisiwani San Cristóbal, ingawa mji mkubwa ni Puerto Ayora, kwenye kisiwa cha Santa Cruz.

Visiwa viko takriban kilomita 1,000 magharibi mwa pwani ya Ekuador. Nchi kavu ni karibu kilomita za mraba 8,000, na zaidi ya nusu yake ni Isabela. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi kidogo ya 28,000. Asilimia 97 ya ardhi ni hifadhi ya taifa, kwa hiyo wote hao wamebanana kwenye asilimia tatu iliyobaki.

Utawala ndio unaonivutia zaidi. Mikoa mingine ya Ekuador huchagua prefekti wake, yaani mkuu wa mkoa, kwa kura. Galápagos inaongozwa na baraza maalumu, na mwenyekiti wake ni mwakilishi wa Rais wa nchi. Hata raia kutoka bara hawezi kuhamia anavyotaka, na mizigo hukaguliwa uwanja wa ndege kutafuta mbegu, matunda na udongo. Wana sababu nzuri: mpera, mti ulioletwa na walowezi, umevamia nyanda za juu na kuisonga mimea ya asili.