Nyumba ya roshani ya vijiti: kabla ya rangi, jua kusi iko wapi

Aliyeuliza juzi amejenga mfano wa nyumba ya roshani ya Mji wa Kale wa Mombasa kwa vijiti vya aiskrimu, kipimo cha 1:50, akaipaka rangi ya mafuta ya kahawia, na sasa analalamika kuwa imekuwa "kama keki". Anataka kujua apake rangi gani juu yake ionekane ina umri.

Mdogo wangu, picha zako nimezitazama mara mbili. Ukataji wako ni safi kushinda wangu wa miaka mitatu ya kwanza, sikufichi. Lakini rangi ya mafuta imeziba mbao, na chochote utakachopaka juu yake kitaelea tu. Kuta ziache. Roshani, madirisha na mlango vibandue. Vikitoka vizima ni bahati yako, visipotoka, vijiti vya aiskrimu si dhahabu.

Nami nilianza hivyo hivyo. Kilichonigeuza ni asubuhi moja pale Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale, nimesimama na daftari chini ya roshani moja hadi mwenye nyumba akatoka kuniuliza kama nimetumwa na kanjo. Nikamwambia, hapana mzee, natazama mbao zako zilivyochakaa. Akacheka: "Basi tazama, hizo hazilipiwi." Nikatazama. Ukingoni, pale watu wanapoegemeza viwiko, mbao ilikuwa nyeusi inang'aa kama mpini wa jembe. Shibiri moja pembeni ilikuwa kijivu, imechanika mistari mistari kama kiganja cha mvuvi. Uvunguni mwa roshani, ambako hakufiki jua wala mvua, bado ilikuwa na wekundu wake wa asili. Na chini ya kila msumari palikuwa na mchirizi mweusi wa urefu wa kidole, mnene juu, mwembamba chini.

Kila doa lilikuwa na mzazi wake. Ukishalijua hilo huwezi tena kupaka uchakavu sawasawa nyumba nzima kama anayepaka siagi kwenye mkate.

Kwetu hapa mzazi mkubwa ni upepo. Kusi ikiingia mwezi wa Aprili huja na masika, mvua inapiga kutoka kusini-mashariki. Kaskazi, Desemba hadi Machi, ni jua na ukavu. Kwa hiyo kabla hujagusa brashi, geuza nyumba yako, andika kwa penseli chini ya kitako chake kusi iko wapi. Upande huo ndio uwe na kijivu kingi, chokaa iliyobambuka na kuvu chini ya madirisha. Upande wa pili uuhurumie.

Sasa dawa yenyewe. Chukua siki nyeupe kikombe kimoja na waya laini wa kusugulia sufuria, ule unaoshika kutu ukiusahau kwenye sinki. Mimi mara ya kwanza nilitia ule usioshika kutu; siku tatu nauchungulia, uko vilevile, unang'aa kama bangili ya bibi harusi. Ukatekate, utumbukize kwenye chupa ya kioo, kifuniko usikikaze kwa sababu inatoa gesi, na uiweke mbali na jiko. Baada ya siku moja mbili chuja kwa kitambaa.

Siki hiyo peke yake juu ya kijiti cha aiskrimu haifanyi la maana. Chuma kilichoyeyuka kinatafuta tanini, ile inayokunja ulimi kwenye chai iliyokolea, na mbao hizi nyeupe hazina nyingi. Kwa hiyo kwanza paka sturungi, chai ya rangi isiyo na maziwa, nzito, nzito kweli, ambayo hungempa mgeni. Iache ikauke, kisha siki. Ndani ya dakika chache kijiti kinatoka manjano kinaenda kijivu chenye ubluu, na kinaendelea kuiva hadi kesho yake, kwa hiyo usiwe na haraka ya kuongeza. Siku hizi natumia maganda ya mkoko ninayobandua kwenye vipande vya boriti vilivyobaki ujenzini. Nayachemsha, yanatoa maji mekundu kama damu ya mzee, na wekundu ule unabaki chini ya kijivu. Ni tanini ile ile waliyokuwa wakitengenezea ngozi. Lakini majani ya chai yanatosha kabisa.

Na ule mchirizi mweusi chini ya msumari ndio mambo haya haya: chuma, maji ya mvua, tanini ya mbao. Kwenye chupa unafanya kwa siku mbili kazi ambayo nyumba imeifanya miaka.

Kabla ya kulowesha, sugua kila kijiti kwa brashi ya waya ukifuata nyuzi zake, mara nne tano. Ukivuka nyuzi utaona mikwaruzo, hutaona umri. Lowesha pande zote mbili; ukilowesha mmoja kitapinda kama jani kavu la mgomba, na kwa unyevu huu wa Mombasa hakinyooki tena. Vikauke chini ya kitabu kizito. Vikishakauka vichanganye kama karata, na kimoja katika kumi kiwe kimepata chai tu bila siki. Huo ndio ubao fundi aliobadilisha mwaka jana.

Yote haya KABLA ya gundi. Wiki nzima ya Idi moja niliimalizia kwenye jozi sita za madirisha, mbao moja moja, nikagundisha kila kitu, ndipo nikapaka siki. Popote gundi nyeupe ilipogusa, siki haikuingia. Madirisha yakatoka na mabaka meupe kama choa. Mke wangu alisema yanafanana na ya kwetu hasa. Sikucheka.

Madirisha yako nadhani unayataka ya kijani, kama mengi pale mtaani. Mbao ikishakuwa kijivu, sugulia mshumaa pale ambapo rangi ingekuwa imekufa, yaani ukingo wa chini maji yanapokaa na kuzunguka bawaba. Paka kijani cha rangi ya maji, nyepesi, mara moja. Ikikauka kwangua kwa ukucha. Penye nta itabambuka yenyewe, na chini yake unakuta mbao nzee. Usibambue katikati ya bao, hakuna sababu ya rangi kutoka pale.

Umeuliza pia boriti za dari uzitengeneze kwa nini: vijiti vya meno. Kipimo cha 1:50 ni rafiki wa jikoni. Vyumba vya nyumba zetu za mawe ni vyembamba, mita mbili na nusu na kidogo, kwa sababu boriti ya mkoko haibebi upana mkubwa zaidi ya huo. Kwenye mfano ni kama sentimita 5, na kijiti cha meno cha sentimita 6.5 kinavuka ukuta hadi ukuta na kubaki na ncha za kuzamisha. Unene wake wa milimita 2 ni boriti ya sentimita 10. Utadhani aliyevitengeneza alikuwa fundi wa Lamu. Misumari usihangaike nayo: kichwa cha milimita 8 kwa kipimo hiki hakifiki hata milimita 0.2. Dunga kwa ncha ya pini, gusa kwa siki, uache itiririke yenyewe.

Paa la nyuma la karatasi, naomba ulitoe, uweke la mabati ya foili. Nunua biriani ya kubeba, ile inayofungwa kwenye trei ya foili, ule, uoshe trei. Foili yake ni nene kuliko ya kufungia samaki. Ilaze juu ya soli ya kandambili, kisha viringisha bolti ya kawaida ya M10, yaani ya unene wa milimita 10, juu yake kwa kukandamiza. Meno ya bolti hiyo yameachana milimita 1.5, na mawimbi ya mabati ya kawaida ni kama milimita 76, gawanya kwa 50 uone mwenyewe. Mistari itakwenda mshazari kidogo. Kata vipande ukifuata mistari, si ukingo wa foili. Usikate paa zima kipande kimoja, kata bati moja moja uzipandanishe. Kutu huanzia pale zinapopandana na kwenye misumari, halafu inashuka. Unga wa kutu ninatengeneza kwa kuloweka ule waya wa siki kwenye maji ya chumvi na kuuanika. Nausaga na kuushikisha kwa spiriti. Kidogo. Kila mara huwa nazidisha, nafuta, nazidisha tena.

Kuna mwenzetu hapo juu amesema kuuchafua mfano uliojengwa vizuri ni dhambi. Ubishi huo ni wa zamani. John Allen, mpiga picha wa Monterey, California, aliyajaza kutu na masizi majengo ya reli yake ndogo ya mfano, Gorre & Daphetid, wakati wengi walitaka vitu ving'ae. Alifariki 1973, na siku chache baadaye moto ukateketeza sehemu kubwa ya reli ile. Tunachokitazama leo ni picha zake.

Vanishi usipake. Inameza unga wa kutu na kurudisha ule mng'ao wa keki. Na kama umetumia vijiti vya mishikaki popote, viweke kwanza kwenye friza wiki moja. Ni mianzi, na dumuzi wanaipenda. Nguzo zangu nne ziliisha kwa ndani, nikaja kukuta unga mweupe sakafuni na paa limelala.

Ukishabandua roshani, weka picha kabla hujaanza kuloweka. Na za upande wa kusi hasa, karibu, bila flashi.